Boila ya Perry Barr na Maneno ya Mama Nakuru

Mkiniona ndani ya basi nikichezesha midomo peke yangu, msinihurumie. Sijachanganyikiwa. Ni kwamba mbele yangu wamekaa watu wawili wanazungumza, na kinywa changu, ambacho kimestaafu kwenye karatasi tu, bado kinawatafsiri. Wao wanasema Kiingereza, mimi nawafuata kwa Kiswahili kimyakimya, nyuma yao kidogo. Mara nyingi kituo changu kinapita ndipo nakumbuka kwamba hakuna aliyeniajiri.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya ukalimani katika mji huu wa Birmingham. Ninyi mna vyeti. Mnafanya kazi kwa skrini, na wengine mnatafsiri hospitali nzima mkiwa jikoni kwenu na slipa miguuni. Mimi Khadra, msichana wa Isiolo aliyepitia Denmark kabla ya kutua hapa, niliingia kwa mlango mwingine. Nilikuwa nimekaa zahanati nikisubiri zamu yangu, muuguzi akatokeza kichwa akauliza kama kuna mtu anayejua Kiswahili. Nikanyoosha mkono kama niko darasani. Kikohozi changu hakikutibiwa siku hiyo, lakini nilitoka na kazi.

Aliyenifunza ni Mzee Rajabu, mtu wa Tanga, mpole, mwenye koti la kijivu ambalo nadhani alizaliwa nalo. Siku ya kwanza aliyonisimamia nilimwambia daktari, "Anasema anaumwa na tumbo." Mzee Rajabu akaniita kando tulipomaliza.

"Nani anasema?" akaniuliza.

"Mgonjwa, Mzee."

"Basi mwache aseme. Wewe humo ndani hupo, binti. Mwenye tumbo akisema 'naumwa', wewe sema 'naumwa'."

"Lakini tumbo langu halina neno."

"Kwa muda ule uliomo humo chumbani, linauma."

Hilo ndilo somo lililonipa mkate wangu, na ndilo lililonifanya niishi kama mtu anayeota huku yuko macho. Fikirieni wenyewe. Asubuhi mimi ni mjamzito. Mchana mimi ni dereva aliyefukuzwa kazi. Jioni mimi ni bwana mmoja wa Goma ambaye anaapa hakuiona kabisa hiyo taa nyekundu. Nilikuwa narudi nyumbani kwa miguu kandokando ya mfereji, maji yametulia kama kioo cha zamani, na mle kinywani mwangu wamelala watu wote hao, kila mmoja na "mimi" yake. Wakati mwingine nilimjibu marehemu mume wangu kwa sauti isiyo yangu. Yeye alizoea. Aliniuliza tu, "Leo umekuja na nani?"

Makosa? Yako, na mengine bado yananichekesha nikiwa peke yangu. Mzee Rajabu mwenyewe aliwahi kumwambia daktari kwamba nyanya wa mgonjwa amejifungua juma lililopita, mtoto wa kiume, mzima kabisa. Daktari aliweka kalamu chini. Yule mgonjwa alikuwa Mkenya, na kwetu ukisema "bibi yangu" unamtaja mke wako. Kwa mtu wa Tanga bibi ni mama wa mama. Mimi nami nilimtafsiria mtu wa Lubumbashi aliyesema mlango umempika. Nikasema hivyohivyo kwa Kiingereza, kwamba mlango umempika, na afisa wa nyumba akanitazama kwa huruma. Kwao kupigwa hutamkwa kama kupikwa. Kwa hiyo msijigambe kwamba mnajua Kiswahili. Hapa Birmingham Viswahili vimekutana ukumbini vikiwa bado na vumbi la kwao, na kila kimoja kinadhani vingine vimepotoka.

Lakini nilitaka kuwasimulia habari ya boila. Ninyi wa skrini nataka muisikie, kwa sababu ni kazi ambayo simu isingeiweza.

Ilikuwa majira ya baridi. Niliitwa na ofisi moja ndogo inayosuluhisha ugomvi wa wapangaji na wenye nyumba. Msuluhishi alikuwa Helen, Mwingereza kijana, mwenye subira ya kweli na si ile ya kujifunza kozini. Alinieleza kwa simu kwamba boila ya nyumba moja huko Perry Barr, ile mashine ya kupasha nyumba joto, imekufa, fundi amesema inabidi ibadilishwe, na hakuna anayekubali kulipa. Kwa kawaida gharama hiyo ni ya mwenye nyumba. Lakini mwenye nyumba anadai mpangaji ndiye aliyeiharibu kwa kuchezea koki ya maji, na kama ni kweli, basi mzigo unahamia kwa mpangaji. Zaidi ya hayo ameshasema mkataba ukiisha hatauongeza.

Tulikutana mle mle ndani ya nyumba, kwa sababu mpangaji alikuwa na mtoto mchanga na hakuwa na wa kumwachia. Nilishuka stesheni nikatembea. Ukungu ulikuwa umelala barabarani, mzito, hata yale maghorofa mapya yalionekana nusu tu, vyumba vya juu vikielea bila vya chini. Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali mekundu, imebanana na jirani zake. Nilivua viatu mlangoni kama ilivyo adabu, na baridi ya sakafu ikanipanda hadi magotini. Hapa pana ushauri ambao hamtaupata kozini: soksi nzito, siku zote. Mkalimani anayetetemeka huruka maneno.

Mpangaji aliitwa Furaha. Mwanamke wa Bukavu, mwembamba, mtoto amemfunga mgongoni kwa kitenge na juu yake amevaa koti kubwa la kiume, hivi kwamba ulimwona mtoto kwa kofia yake tu. Tukakaa sebuleni sote na makoti yetu. Kila aliyesema alitoa moshi mdomoni. Niliyatazama yale mawingu madogo yakitoka kwa mmoja na kuyeyuka kabla ya kumfikia mwingine, nikasahau kidogo nilichofuata.

Mwenye nyumba alikuwa Bwana Harbans, Singasinga wa miaka mingi, kilemba cha buluu iliyoiva, ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri. Aliketi wima kama mtu anayepigwa picha. Alikataa chai.

Helen akafungua kikao. Mimi nikasema maneno yangu ya kawaida, kwamba nitatafsiri kila kitu, sitaongeza wala kupunguza, na nitasema "mimi" kwa niaba ya kila mmoja. Bwana Harbans akaanza, kwa Kiingereza kilichonyooka.

"Fundi wangu ameifungua boila," alisema. "Ndani imeliwa na kutu kwa sababu maji mapya yalikuwa yakiingizwa kila mara. Kuna koki chini yake ya kujazia maji. Mtu amekuwa akiifungua na kuifunga anavyotaka. Siku nyingine hata hakuifunga, presha ikapanda, maji yakamwagika nje ukutani. Mimi sikai hapa. Ni nani basi?"

Nikamwambia Furaha kwa Kiswahili. Alisikiliza huku akijitikisa kidogo kumbembeleza mtoto.

"Sikuvunja kitu, mama," akanijibu. Nikamwonyesha kwa kidole amtazame Bwana Harbans, si mimi. Akamgeukia. "Papa, sikuvunja kitu. Ile shodiere ilikuwa inalia tangu zamani. Sindano yake ilikuwa inaanguka kila wakati. Mama Nakuru njo alinifundishaka kufungua maji."

Shodiere ni boila kwa Kifaransa cha kwao, sindano ni mshale wa kipimo cha presha, na "njo" yao ni "ndiye" yetu. Nilikuwa bado nayapanga hayo kichwani. Sijafungua mdomo. Na nikaona mkono wa Bwana Harbans, uliokuwa umelala juu ya goti, umekunjwa ngumi.

Hili lishikeni. Katika chumba chenye watu wa lugha mbili, msitazame anayesema. Mtazameni anayesubiri. Asiyeelewa husubiri na uso uliotulia, kama mtu kwenye kituo cha basi. Anayeelewa, mwili wake humtangulia. Bwana Harbans alikuwa ameelewa.

Nilitafsiri. Nilipofika kwenye jina la Mama Nakuru, Helen akauliza ni nani.

"Mke wangu," alisema Bwana Harbans. "Alikulia Nakuru. Wapangaji walimwita hivyo. Amefariki, na sitaki aingizwe humu. Ni rahisi sana kumsingizia mtu ambaye hawezi kujibu."

Helen alitoa pole. Mimi nikajikuta na shida. Furaha hakujua kwamba mzee anamwelewa. Angeweza kuninong'oneza jambo la siri, nami ningekuwa mlango ulioachwa wazi. Lakini si kazi yangu kutangaza nani anajua nini. Hakuna aliyeniuliza, na huenda nilikosea kuusoma mkono wa mtu. Mzee Rajabu alinifunza njia ya hapo. Nikainua kiganja nikasema kwa lugha zote mbili, "Mkalimani anawakumbusha wote kwamba chochote kinachosemwa humu ndani, kinasikika." Furaha akaitikia kwa kichwa. Bwana Harbans akanitazama kwa mara ya kwanza, akayahamishia macho dirishani.

Tulizunguka hapo kwa muda. Yeye akisema mke wake hakuwa mtu wa kugusa mitambo. Furaha akisema alikuwa akija mara kwa mara, kabla hajaugua, na kwamba alikuwa akikaa naye. Helen aliuliza kama kuna ujumbe wowote wa simu, karatasi yoyote, jirani yeyote aliyewaona. Hakuna. Walikuwa wanawake wawili jikoni, basi. Mambo ya namna hiyo hayaachi alama.

Furaha alianza kuchoka. Sauti ilimpungua. "Wanasema minadanganya," aliniambia, na safari hii sikumwonyesha kidole, kwa sababu macho yake yalikuwa yamejaa. "Sina kwingine pa kwenda na huyu mtoto. Lakini hata nyumba waichukue. Wasiseme tu nilimsingizia ule mama. Alinipenda."

Nilisema hayo kwa Kiingereza. "Mimi sina kwingine pa kwenda," nilisema. "Alinipenda," nilisema, na kama ilivyotokea mara nyingi katika miaka ile, sikujua tena baridi niliyokuwa nayo ni ya nani.

Helen akauliza taratibu, "Furaha, unakumbuka alikuambia nini hasa? Maneno yenyewe?"

Nikalitafsiri swali. Furaha akafumba macho. Aliacha kujitikisa. Na alipofungua mdomo, Kiswahili cha Bukavu kilikuwa kimetoweka. Ilitoka sauti nyingine, nzito kidogo, ya kuchekacheka, Kiswahili cha Wahindi wa madukani kwetu Kenya, kile nilichokisikia utotoni Isiolo nikitumwa sukari.

"'Sikia, mama,'" alisema Furaha. "'Ukiona sindano naanguka, hapana ogopa. Fungua hii koki kidogo. Ngoja apumue. Halafu funga. Kidogo-kidogo, kama mtu natia chumvi kwa dengu. Ikizidi, nani atakula?'"

Nilivuta pumzi nianze. Nilikuwa nayo tayari, chumvi, dengu, na yote. Bwana Harbans akainua mkono.

"Usitafsiri, mama," akasema. "Hiyo nimesikia."

Alikuwa amesema kwa Kiswahili.

Helen akanigeukia. "Amesema nini?"

Sasa, sheria ni sheria: kila kinachosemwa kitafsiriwe. "Amesema nisitafsiri," nikamwambia.

"Basi tufanyeje?"

"Sijui," nilisema, na hiyo ilikuwa "mimi" yangu mwenyewe, ya kwanza siku ile.

Bwana Harbans hakutusikia. Alikuwa anamtazama Furaha, au anatazama mahali ile sauti ilipotokea. Alipoanza tena kusema, Kiswahili chake kilitoka kipandekipande, kama mtu anayefungua duka lililofungwa muda mrefu na hakumbuki taa iko upande gani.

"Hiyo ya dengu," alisema. "Kila kitu kwake ilikuwa dengu. Dawa ya mtoto, kama chumvi kwa dengu. Rangi ya ukuta. Maneno kwa wageni. 'Harbans, kidogo-kidogo. Ikizidi, nani atakula?'" Akakirekebisha kilemba. "Mimi sijasikia Kiswahili tangu yeye... Watoto wangu hapana jua. Nyumbani sasa ni Kipunjabi kidogo na Kiingereza mingi. Hii lugha ilikuwa ya yeye na mimi, ya kusema watoto wasisikie."

"Pole, Papa," alisema Furaha.

Nilikuwa namnong'onezea Helen kwa Kiingereza, polepole, na Helen alikuwa ameacha kuandika.

"Aliniambia," Bwana Harbans akaendelea. "Hii boila. Alisema, 'Harbans, ile nyumba ya Perry Barr, mashine yake nalia. Maji napotea mahali. Mimi namwonyesha yule mama kufungua kidogo, lakini hiyo si dawa. Wewe peleka fundi.' Nikasema kesho. Halafu tukaenda hospitali, na baada ya hapo mimi hapana sikia tena habari ya mashine. Nikasahau." Aliyapangusa macho kwa kidole gumba, bila haraka. "Sasa fundi anasema mtu amechezea koki. Unajua mimi nilifanya nini ndani ya roho? Nilifurahi. Nilipata mtu wa kukasirikia."

Nje, ukungu ulikuwa umesogea hadi kwenye kioo, ukatugeuza kisanduku kidogo cheupe kinachoelea mahali pasipo na mji. Mtoto akapiga chafya. Ni mimi peke yangu niliyeruka.

Kisha Furaha akafanya jambo ambalo nimeliwaza mara nyingi. Angeweza kunyamaza. Alikuwa ameshashinda, na hata Helen, aliyekuwa akisikiliza maneno yangu ya nyuma nyuma, alilijua hilo. Lakini alijifuta pua kwa kona ya kitenge, akasema, "Papa, na mimi kuna siku moja. Mtoto alikuwa na homa, alikuwa analia sana. Nilifungua koki, nikaenda kumchukua, nikasahau. Maji ilienda nje usiku muzima. Hiyo ni kweli. Hiyo haiko Mama Nakuru, ni mimi."

Bwana Harbans akatikisa kichwa juu chini, muda mrefu.

"Wewe ulisahau koki," alisema. "Mimi nilisahau boila."

Na kwa kweli ugomvi uliishia hapo, ingawa tulikaa tena kidogo kwa sababu Helen alihitaji makubaliano ya kuandikwa. Boila mpya ni juu ya mwenye nyumba, yote. Atamleta fundi mwingine atafute maji yanapovujia, asiweke mashine mpya juu ya ugonjwa wa zamani. Mkataba utaendelea. Helen aliyasoma kwa Kiingereza, nami nikayatafsiri kwa Kiswahili, na ajabu ni kwamba wote wawili walinisikiliza kwa makini, kila mmoja akinisahihisha. Nilisema "rejeta", Furaha akauliza ni nini, Bwana Harbans akamwonyesha ile ya ukutani ya kupasha chumba joto, Furaha akasema kwao ni radiateri, yeye akasema hapana, kwao Kenya radiateri iko ndani ya gari. Wakabishana. Nilikuwa nimekaa katikati yao kama mtu aliyeachwa na basi.

"Tena, sindano ikianguka, wewe usiguse," Bwana Harbans alimwambia. "Nipigie simu."

"Nitapiga kwa lugha gani, Papa? Kiingereza yangu iko kidogo."

"Kwa hii."

"Hii yangu au hii yako?"

Akafikiri. "Wewe yako, mimi yangu," alisema. "Na yeye mlielewana, sindiyo?"

Nilikuja kusikia baadaye kutoka kwa Helen kwamba uvujaji ulipatikana chini ya mbao za sakafu ya chumba cha nyuma, tundu dogo ambalo lingeweza kuzibwa zamani kwa kazi ya asubuhi moja. Alinieleza pia kwamba hawakuhitaji tena mkalimani kwa nyumba ile. Ninyi mtapata kazi nyingi ambazo zitaisha vibaya. Nilitafsiri watu wakifukuzwa, nilitafsiri habari za vifo, nilisema "mimi sikutaki tena" kwa mke wa mtu, mke aliyekuwa amekaa karibu nami kuliko karibu na mumewe. Mambo hayo hukaa na mtu. Bado yananijia nikiwa nakatakata vitunguu. Kwa hiyo ikija siku ambayo watu wawili wanaanza kuelewana bila ninyi, msiumie. Msijiingize, msirekebishe sarufi ya mtu. Funikeni kalamu.

Hivyo ndivyo nilivyofanya. Helen alikuwa ameshatoka nje kumpigia fundi simu. Mimi nilikuwa ukumbini nikihangaika na kamba za viatu, vidole vimekufa ganzi, na mlango wa sebule ulikuwa wazi.

"Alipokuwa anakuja hapa," nilimsikia Bwana Harbans akiuliza, "alikuwa anakaa wapi?"

"Jikoni, Papa. Hakutakaka kukaa huku. Alisema huku ni kwa wageni."

Wakapita mbele yangu, Furaha na mtoto mgongoni, na mzee nyuma yake akishika ukuta. Jikoni kulikuwa na kiti kimoja kando ya dirisha, cha mbao, kimepakwa rangi ya kijani, chenye mto mwembamba uliokwisha kubonyea. Furaha akakionyesha. Bwana Harbans akasimama mbele yake. Akaugusa ule mto, kisha akageuka, akakaa polepole, na koti lake lote mwilini, akatazama nje kule ambako hakukuwa na kitu cha kutazama ila weupe.

"Sasa nitakubali ile chai," alisema.

Furaha akaweka maji kwenye birika. Akatoa vikombe. Akauliza kama anatumia sukari, naye akasema mke wake alimkataza, kwa hiyo ndiyo, anatumia. Mtoto akaamka, akatoa mkono kwenye kitenge, akashika hewa. Birika likaanza kuimba, na mvuke ukapanda kwenye kioo, ukawazunguka wote watatu hadi nikawaona kama watu walio upande wa pili wa usingizi. "Haya niambie," nilisikia sauti ya mzee, "alisema nini ingine?"

Nilifunga mlango wa mbele taratibu, nisiwakatize.